Filamu ya mwisho ya Greta Garbo: ni nini hasa kilichoharibika?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na nina kikundi kidogo cha vijana waliomaliza shule. Kila mwezi tunatazama sinema moja ya zamani kisha tunaijadili. Mwezi uliopita tulitazama Ninotchka ya Greta Garbo, chumba kizima kikacheka. Nikaona nitafute kichekesho chake kingine, nikapata Two-Faced Woman ya mwaka 1941. Niliitazama kwanza peke yangu, na sikuielewa. Mwigizaji ni yule yule, mwanamume anayeigiza naye ni yule yule, kampuni ni ile ile, na imepita miaka miwili tu. Mbona sikucheka? Kuna mahali nilimwonea Garbo huruma, karibu nigeuze uso. Nimesoma kwamba filamu hii ilimwaibisha hadi akaacha kuigiza, na kwingine kwamba kanisa liliikatakata, ndiyo maana haieleweki. Ni kweli? Au ni mimi nisiyeelewa utani wa Wamarekani wa zamani? Na je, niwaonyeshe vijana wangu au niiache?"*

Salama kabisa, Mwalimu, na asante kwa kuuliza kwa kina namna hii. Nianze na lile linalokusumbua zaidi: tatizo si wewe. Wakosoaji wa New York walioiona filamu hii ilipotoka walikerwa na kitu kile kile kilichokukera, na wao walikuwa wamekulia ndani ya utani huo. Ulipotaka kugeuza uso ulikuwa unaisoma sinema sawasawa. Kilichobaki ni kujua kwa nini ulimwonea huruma mwanamke ambaye ulipaswa kucheka pamoja naye, na sababu hiyo naweza kukuonyesha ndani ya filamu yenyewe, onyesho kwa onyesho.

Kwa faida ya wasomaji wengine, nieleze kisa kwa ufupi. Larry Blake, mhariri wa jarida la New York, ambaye ni Melvyn Douglas, anakwenda mapumzikoni milimani na kumpenda Karin, mwalimu wa kuteleza kwenye theluji, ambaye ni Garbo, nyota wa Hollywood mzaliwa wa Sweden. Wanaoana harakaharaka. Mara tu baada ya ndoa, Larry anataka mke amfuate mjini na awe mke wa mhariri. Karin anataka maisha yake ya mlimani. Larry anarudi kazini, siku zinapita, ahadi ya kurudi inaahirishwa. Karin anaamua kumfuata New York bila taarifa, na anamkuta amerudi kuzoeana na mpenzi wake wa zamani, mwandishi wa tamthilia aitwaye Griselda, aliyeigizwa na Constance Bennett. Kabla hajaondoka kimyakimya anaonwa na mtu anayemfahamu mumewe, naye kwa kubanwa anajifanya ni pacha wa Karin, jina lake Katherine: mwanamke wa mjini, mlevi wa raha, mtega wanaume. Kuanzia hapo anajaribu kumnasa mumewe mwenyewe.

Kisa hiki hakikuzaliwa Hollywood. Kinatokana na tamthilia ya Mjerumani Ludwig Fulda, na kilikwisha kutengenezwa filamu bubu mwaka 1925, Her Sister from Paris. Constance Bennett mwenyewe aliwahi kucheza mke anayejifanya mwanamke mwingine ili ampate mumewe, katika Moulin Rouge ya mwaka 1934. Kwa hiyo usimlaumu mtu kwa kuchagua kisa kibaya. Kisa ni kizuri, na kimefanya kazi mara nyingi.

Sasa tuje kwenye hayo uliyoyasoma, kwanza hili la kuacha kuigiza. Ni kweli kwamba Two-Faced Woman ni filamu yake ya mwisho. Alikuwa na miaka 36, na aliishi hadi mwaka 1990 bila kuonekana tena katika filamu mpya. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, hadithi inajiandika yenyewe: filamu mbaya, aibu, mlango kufungwa. Lakini haikuwa hivyo. Mwaka 1942 alikubaliana na MGM, kampuni iliyomlea, kutengeneza filamu nyingine, The Girl from Leningrad, na mradi ukafa kabla ya kamera kuwashwa. Mwaka 1948 aliweka mkataba na mtayarishaji Walter Wanger kuigiza riwaya ya Balzac, mwandishi wa Kifaransa, mwongozaji akiwa Max Ophüls. Mwaka 1949 alikaa mbele ya kamera kwa majaribio, na picha hizo bado zipo. Ukizitazama utaona uso usiopungukiwa na kitu. Fedha za mradi hazikupatikana, ukavunjika. Mtu aliyeapa kutoigiza tena haendi kupigwa picha za majaribio miaka minane baadaye. Ninachoweza kusema kwa haki ni kwamba filamu hii ilimwacha mwangalifu kupita kiasi, na kwamba baada yake kila mradi uliomjia ulikwama mahali. Ukimya wake ulijengeka polepole, mwaka hadi mwaka.

Pia usidhani ilikuwa msiba wa fedha. Kwa hesabu za MGM hasara ilikuwa takriban dola 62,000, kiasi ambacho studio ya ukubwa ule ilikimeza bila kukohoa. Conquest yake ya mwaka 1937 ilipoteza zaidi ya dola milioni moja na bado wakampa kazi. Na kuna jambo ambalo wengi hulisahau: bodi ya National Board of Review ilimtaja Garbo miongoni mwa waigizaji bora wa mwaka 1941, kwa filamu hii hii tunayoijadili. Kwa hiyo hata siku zile kulikuwa na watu waliomwona akifanya kazi nzuri ndani ya kitu kilichoharibika. Mimi niko upande wao, na nitakueleza.

Kuhusu kanisa, ulichosoma kina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye jibu la swali lako. Filamu ilipita ofisi ya ukaguzi ya Hollywood yenyewe, ambayo wakati huo mkuu wake mkali, Joseph Breen, alikuwa ameondoka kwa muda kwenda kuongoza studio ya RKO. Ilipofika Novemba 1941, chombo cha Wakatoliki kilichoitwa National Legion of Decency kiliipa alama ya C, yaani imelaaniwa, na muumini hapaswi kuitazama. Kupewa alama hiyo filamu ya studio kubwa, yenye nyota mkubwa, lilikuwa jambo la nadra. Sababu zilizotolewa zilihusu mtazamo wa filamu juu ya ndoa, mazungumzo na matukio ya kuchochea, na hata mavazi. Askofu Mkuu wa New York, Francis Spellman, aliilaani hadharani. Baadhi ya miji ikaizuia. MGM ikairudisha mezani.

Hebu fikiri waliona nini. Mwanamume aliyeoa anakutana na mtu anayeamini kuwa ni shemeji yake, na anamfuata. Mtazamaji anajua kwamba ni mke wake, lakini yeye hajui. Moyoni mwake anazini na dada wa mkewe, na filamu inatuomba tucheke. Hapa kwetu, ambako utani wa mashemeji una nafasi yake na mipaka yake inayojulikana, vijana wako watalipata jambo hili upesi kuliko Wamarekani wengi wa leo: watajua mahali ambapo utani unaishia na jambo lenyewe linaanza. Ndipo filamu ilipotaka kuchezea, pale pale mpakani.

Studio ilitatua tatizo kwa kuongeza, zaidi kuliko kukata. Onyesho fupi lilipachikwa: Larry, baada ya kukutana na Katherine, anapata shaka, anapiga simu kule kwenye hoteli ya mlimani, anaambiwa Karin ameondoka kwenda New York. Basi. Anajua. Kuanzia dakika ile Larry hamfuati shemeji, anamchezea mkewe. Dhambi imeondolewa, alama ikalegezwa, na toleo hilo likafunguliwa New York usiku wa kuamkia mwaka 1942. Ndilo uliloliona wewe.

Hapa naomba tuende polepole, maana ndipo penye ufundi.

Kichekesho cha mtu kujibadili husimama juu ya siri, na swali la kwanza la kuuliza ni siri iko mikononi mwa nani. Aliyeishika ndiye mwenye mamlaka juu ya kicheko. Katika umbo la kwanza, siri ni ya Karin. Yeye anajua, sisi tunajua, Larry hajui. Kwa hiyo tunacheka pamoja na Karin, tukimcheka Larry, na juu ya kicheko kuna maumivu matamu: kila Larry anapozidi kumpenda Katherine, Karin anashinda na kushindwa kwa wakati mmoja. Amempata mwanamume, lakini amempata kwa sura ya mwingine, na kila busu ni ushahidi dhidi ya mumewe. Hilo ni jambo zito kweli, na Garbo alikuwa mwigizaji wa kulibeba. Mtazame usoni katika maonyesho ya klabu ya usiku. Katherine anacheka kwa mdomo, na nyuma ya macho Karin anahesabu hasara.

Weka simu ile moja, na siri inahama. Sasa Larry anajua, nasi tunajua kwamba anajua. Asiyejua ni Karin. Mwanamke aliyekuwa mwindaji amekuwa mawindo bila yeye mwenyewe kuambiwa. Kila anapojitahidi kutongoza, kila anapovuta sauti na kuinua bega, tunamtazama kama tunavyomtazama mtoto aliyejificha nyuma ya pazia huku miguu ikionekana. Kwa mtoto inapendeza. Kwa mke ambaye ndoa yake iko hatarini, mbele ya mume anayejifurahisha kwa hofu yake, inauma. Hiyo ndiyo huruma uliyoipata, Mwalimu, na ndiyo sababu ulitaka kugeuza uso. Kwa kulinda maadili ya ndoa, walitengeneza mume mkatili kuliko yule wa mwanzo, maana yule wa mwanzo alikuwa mdhaifu tu.

Tena kuna jambo la pili, ambalo mwigizaji yeyote atalithibitisha. Douglas alipiga sehemu kubwa ya maonyesho yale kama mtu aliyedanganywa. Macho yake, namna anavyosita, anavyojishangaa, ni ya mwanamume anayepoteza mwelekeo mbele ya mwanamke mpya. Simu ilipowekwa baadaye, maonyesho mengine yakabaki na uso ule ule. Ndiyo maana ukahisi haieleweki. Masikio yako yaliambiwa anajua, na macho yako yakaona hajui.

Toleo la kwanza halikupotea. Nakala yake ilionyeshwa London mwaka 2004, wakati National Film Theatre ilipoandaa maonyesho ya kazi za mwongozaji wake, George Cukor. Kinachouzwa na kuzunguka ni kile kilichorekebishwa.

Je, tuseme basi kwamba simu ndiyo iliyoua kila kitu? Natamani iwe rahisi hivyo, lakini hapana. Kosa la simu lilikuja mwishoni. Kuna kosa lililotangulia, na hilo ni la MGM peke yake.

Rudi kwenye Ninotchka. Kumbuka lile onyesho la mkahawa wa wafanyakazi, Leon, yule mwanamume anayempenda, anapomsimulia vichekesho kimoja baada ya kingine na yeye anaendelea kula supu yake kwa uso mkavu, hadi kiti kinamponyoka Leon, anaanguka, na ndipo Garbo anapasuka kwa kicheko. Katika sehemu yote iliyotangulia, Garbo hajajaribu kuchekesha hata mara moja. Anaigiza afisa wa Kisovieti kwa uzito ule ule aliouigizia malkia na wanawake wanaokufa kwa mapenzi. Ernst Lubitsch, mwongozaji, alielewa kwamba uzito wa Garbo ndio mtaji, na kwamba watazamaji wamekuja na kumbukumbu ya miaka 13 ya kumwona akilia. Kicheko kikaja kama mvua baada ya kiangazi kirefu. MGM waliitangaza filamu kwa maneno mawili, kwamba Garbo anacheka, wakifuatisha tangazo la mwaka 1930 kwamba Garbo anaongea.

Kisha wakajifunza somo lisilo sahihi. Waliona watu wamependa kicheko, wakadhani kinachotakiwa ni kicheko zaidi. Kwa hiyo mwaka 1941 wakamvalisha vazi la kuogelea, wakamkata na kumkunja nywele, wakampandisha mlimani kwenye theluji, wakamfundisha dansi ya kisasa iliyoitwa chica-choca na kumwingiza nayo katikati ya ukumbi. Walitaka awe msichana wa Kimarekani, mchangamfu, wa mchezoni. Adrian, fundi wa mavazi aliyemvisha Garbo kwa miaka mingi, hakukubaliana na mwelekeo ule, na mwaka huo huo akaondoka MGM. Hata mpigapicha hakuwa yule aliyemzoea. William Daniels alikuwa amepiga filamu zake nyingi tangu mwaka 1926, akijua kila pembe ya uso ule. Safari hii alikuwa Joseph Ruttenberg, fundi mkubwa bila ubishi, lakini mgeni kwa uso ule.

Kwa nini walikuwa na haraka ya kumfanya Mmarekani? Kwa sababu ya vita. Kwa miaka mingi filamu za Garbo zilitegemea sana Ulaya kurudisha gharama. Marekani ya mashambani haikumpenda kama Stockholm, Paris au Berlin zilivyompenda. Mei 1938, umoja wa wenye majumba ya sinema walio huru ulilipa tangazo gazetini likimtaja yeye pamoja na Katharine Hepburn, Joan Crawford, Marlene Dietrich na wengine kuwa ni sumu kwenye dirisha la tiketi. Vita vilipoanza Septemba 1939, na majeshi ya Ujerumani yalipoenea Ulaya mwaka uliofuata, soko lile likafungwa nchi baada ya nchi. Studio ikabaki na nyota wa gharama kubwa na watazamaji wa nyumbani tu. Ukiiangalia kwa macho ya mhasibu, kumgeuza kulikuwa na mantiki. Kwa macho ya mtu aliyempenda kwenye Camille, filamu yake ya huzuni ya mwaka 1936, waliondoa kile kile ambacho watu walikuwa wanalipia kiingilio kukiona.

Hapa nataka kuwa mwadilifu, maana rahisi ni kumtafuta mbaya. Waliotengeneza filamu hii hawakuwa maadui wa Garbo, wala wajinga. Cukor ndiye aliyemwongoza katika Camille, kazi ambayo wengi, mimi nikiwamo, tunaihesabu kuwa kilele chake. Mwaka mmoja tu kabla ya Two-Faced Woman alikuwa ametengeneza The Philadelphia Story, moja ya vichekesho bora vya mapenzi vilivyowahi kupigwa. Waandishi wawili kati ya watatu, S. N. Behrman na Salka Viertel, walikuwa wameandika filamu zake tangu Queen Christina ya mwaka 1933, na Salka alikuwa rafiki yake wa karibu. Tatizo walilolikiri baadaye ni kwamba muswada haukuwa umekamilika kamera zilipoanza kuzunguka. Drama inaweza kuvumilia hilo, kwa sababu uso mzuri na muziki vitaziba ufa. Kichekesho hakivumilii, kwa kuwa kila mzaha unahitaji kuwa umepandwa mapema, na huwezi kupanda leo kitu ambacho kingepaswa kuchipua jana.

Wapo wanaosema watu hawakuwa na hamu ya vichekesho kwa sababu ya Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani iliyoshambuliwa na Japani Desemba 7, wiki chache kabla toleo jipya halijafunguliwa. Sikubaliani. Mapema mwaka 1942 Woman of the Year ya Katharine Hepburn na Spencer Tracy ilijaza kumbi, na yule Hepburn alikuwa kwenye orodha ile ile ya sumu. Tofauti yake na Garbo inafundisha kuliko nadharia yoyote ya vita. Hepburn alishika haki za The Philadelphia Story, akaileta Hollywood kwa masharti yake, na hadithi yenyewe ilichukua yale ambayo watu walimchukia nayo, kiburi na ubaridi, ikayafanya kuwa kiini cha kisa. Alishushwa, ndiyo, lakini alishushwa akiwa yeye. Garbo alipewa mwanamke wa kubuni na kuambiwa avae ngozi yake. Cha kusikitisha ni kwamba Katherine, yule pacha mtega wanaume, ni mwanamke wa aina ile ile ambayo Garbo aliichoka tangu enzi za filamu bubu, alipokuwa akilalamika kwa studio kwamba hataki tena kuwa mwanamke mbaya wa kuharibu wanaume. Baada ya miaka 15 ya kupigania majukumu mengine, alirudishwa pale pale, na safari hii kwa mzaha.

Hata hivyo nilisema niko upande wa waliomtetea. Itazame tena nusu saa ya mwanzo, ile ya mlimani, kabla ya pacha kuzaliwa. Karin ni mtu mwenye msimamo, mkavu kidogo, mwenye mwili wa kazi, anayeshangaa kwa nini mwanamume aliyempenda kama alivyo anataka kumbadili siku ya pili ya ndoa. Pale Garbo anachekesha bila jasho, kwa njia ya Ninotchka: kwa kusema jambo la kweli bila kutabasamu. Ruth Gordon kama katibu wa Larry ni hazina, na Constance Bennett anakula kila onyesho analopewa, hadi unatamani filamu imfuate yeye. Kuna filamu nzuri imezikwa humo ndani, na vipande vyake vinaonekana.

Sasa uamuzi wako. Kuiacha kabisa ningesikitika, kwa sababu filamu nzuri huficha mishono yake na hii inaionyesha yote. Kwa kikundi kinachojifunza kutazama, hiyo ni bahati. Kuionyesha peke yake, bila maelezo, nisingeshauri. Vijana ambao hawamjui Garbo wataondoka wakidhani ndiye huyu, na hiyo ni dhuluma kwake. Kwa kuwa wao wameshaona Ninotchka, uko mahali pazuri. Ukipata nafasi ya mwezi mmoja katikati, wape Camille, ili waone pia ule uzito ambao Lubitsch aliuchezea na MGM wakautupa.

Siku ya Two-Faced Woman ikifika, usiwaambie kitu kuhusu simu. Waache waitazame hadi Larry anapopiga, kisha simamisha. Waulize: tangu sasa, siri ni ya nani, na ninyi mko upande gani? Wakishajibu, chukua onyesho moja la klabu ya usiku linalofuata na uwaonyeshe mara mbili. Mara ya kwanza waambie Larry anajua. Mara ya pili waambie waisahau simu, Larry hajui lolote. Wamwangalie Douglas usoni, kisha Garbo. Picha ni zile zile, maneno ni yale yale, na wataona maonyesho mawili tofauti. Kwangu hilo lina thamani kuliko mhadhara wangu wote huu, na utaona wengine wakianza kucheka mara ya pili mahali walipokaa kimya mara ya kwanza.

Watakaouliza mbona kanisa liliruhusiwa kuingilia, wape muda. Ni mjadala halali, na watu wa imani waliokuwa na hofu kuhusu ndoa hawakuwa wakitania. Waulize tu kama mume wa toleo la pili ni bora kuliko wa toleo la kwanza.

Jambo la mwisho nisingependa uliamue kwa maandishi yangu. Filamu hii bado ina haki miliki Marekani, na itaendelea kuwa nayo hadi mwisho wa mwaka 2036. Kuitazama na kikundi kidogo kwa mazungumzo ni jambo moja. Kukodi ukumbi, kubandika matangazo na kutoza kiingilio ni jambo jingine, lenye vibali vyake. Ukiwa Tanzania, nenda mwenyewe Bodi ya Filamu na ofisi ya hakimiliki. Ukiwa Kenya, bodi ya uainishaji wa filamu. Uwaeleze ukubwa wa kikundi, mahali na kama kuna malipo, wakujibu kwa hali yako halisi. Na kama kati ya vijana wako kuna atakayetaka kuandika tasnifu juu ya sakata la ukaguzi, aanzie kwa mwalimu wa filamu au historia wa chuo kilicho karibu naye, amsaidie kuomba nakala za mafaili ya ukaguzi wa Hollywood yaliyohifadhiwa Margaret Herrick Library, Beverly Hills. Barua za siku zile, studio ikibishana na wakaguzi neno kwa neno, zinasomeka kama tamthilia yenyewe.